Sombe, pondu, saka-saka: namna tagi za watu zinasaidia kutafuta habari mu lugha nyingi

Mboga ni moja. Bukavu na Goma inaitwa sombe. Kinshasa ni pondu, na wengine wanasema saka-saka, jina ambalo linasikika pia ng'ambo ya mto, Brazzaville. Kasai wanasema matamba. Ukivuka mupaka kwenda Rwanda ao Burundi, unakuta isombe. Tanzania ni kisamvu. Msumbiji ni matapa. Yule anayependa Kifaransa anaandika « feuilles de manioc » na mambo yanaishia hapo.

Sasa mutu anaweka neno « sombe » mu telefone. Mashini rahisi ya kutafuta habari haijui ladha ya mboga. Inajua herufi tu. Inafuata s-o-m-b-e na kuleta kurasa zenye herufi hizo. Mama wa Kinshasa ambaye ameweka video nzuri, anaonyesha pole pole kwa nini majani ya muhogo yanapaswa kutwangwa na kuchemshwa sana, juu ndani yake muko sumu, anabaki mbali na mutu wa Kivu ambaye angemuhitaji. Hakuna aliyeificha ile video. Mama aliandika « pondu », basi.

Kwa chakula, hasara ni ndogo, watu watakula hata vile. Lakini shida ni ile ile kwa homa ya mtoto, kwa mdudu anayemaliza mahindi, kwa barabara iliyofungwa, kwa sheria ya shamba. Katiba ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha ya serikali, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha nne za taifa. Nyuma ya hizo kuko nyingine zaidi ya 200. Inchi ya namna hiyo haiwezi kungoja mpaka kila karatasi itafsiriwe. Kuko njia moja ambayo wachunguzi wamejaribu kwa miaka karibu ishirini: kutumia maneno ambayo watu wenyewe wanabandika juu ya vitu vyao. Maneno hayo njo yanaitwa tagi.

Alama juu ya gunia

Mwenye gunia la maharagwe anayelipakia mu mashua kutoka Bukavu kwenda Goma analitia alama kwanza: rangi, herufi mbili, kitambaa chekundu. Alama haielezi maharagwe yote. Inasaidia gunia lijulikane likifika. Tagi ni alama ya namna hiyo: neno fupi, etiketi, ambayo mutu anaibandika juu ya picha, video, kitabu ao emisyo ya redio ili yeye ao wengine waweze kuipata tena. Vijana wanasema « unitagi ku ile picha ». Hiyo ni aina moja tu, ya kumtaja mutu. Tagi zinazohusika hapa ni zile zinazosema kitu kinahusu nini.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mtaalamu. Mu maktaba, kitabu kikifika, mtu aliyesomea kazi anakitafutia namba na kichwa cha habari kutoka katika orodha iliyopangwa. Mpango wa Melvil Dewey, unaotumiwa na maktaba nyingi duniani, ulichapishwa mwaka 1876 na unaendelea kurekebishwa. Uzuri wake ni kwamba kila kitu kiko na mahali pake. Ubaya wake ni kwamba mahali hapo palichaguliwa na wengine, mu lugha yao, kwa akili yao.

Tagi zilianza kuenea na Delicious, tovuti ambayo Joshua Schachter aliifungua mwaka 2003 ili watu waweke anwani za kurasa wanazozipenda pamoja na maneno ya kuzikumbuka. Mwaka 2004 Flickr ilifunguliwa kule Vancouver, Kanada, na watu wakaanza kubandika maneno juu ya picha zao. Mwaka huo huo Mmarekani Thomas Vander Wal aliupa mchezo huo jina la Kiingereza linalochanganya « watu » na « kupanga kwa mafungu ». LibraryThing ikafuata mwaka 2005 kwa wapenda vitabu. Kisha, Agosti 2007, Chris Messina akapendekeza watumiaji wa Twitter watie alama ya # mbele ya neno ili mazungumzo yapatikane. Leo mtoto wa shule ya sekondari anaitumia bila kujiuliza ilitoka wapi.

Delicious yenyewe haikuishi. Yahoo iliinunua mwaka 2005, ikaiuza mwaka 2011, na mwaka 2017 ikafikia mikono ya mshindani wake Pinboard, ambaye aliiacha isomwe tu bila kuongezewa kitu. Kazi ya mamilioni ya watu iliyowekwa bure mu nyumba ya mwenyewe mwengine: jambo hilo linafaa kukumbukwa na kila redio ndogo ambayo archive yake yote iko ku mtandao wa kigeni.

Watu wawili, majina mawili

Kabla ya intaneti kuenea, mwaka 1987, George Furnas na wenzake kule Marekani walichapisha uchunguzi kuhusu jambo ambalo kila mama wa soko analijua. Waliomba watu wataje vitu vya kawaida. Uwezekano wa watu wawili kuchagua neno lile lile kwa kitu kimoja ulikuwa chini ya 20 kwa 100. Na wale walikuwa wanasema lugha moja! Dawa waliyopendekeza ilikuwa kukubali majina mengi kwa kila kitu, pahali pa kutafuta jina moja lililo bora.

Tagi zinafanya hivyo zenyewe. Mmoja anaandika « volcan », mwengine « volkano », mwengine « Nyiragongo », mwengine « moto ». Hakuna anayemfuta mwenzake. Mutu anaweza kufikiri kwamba fujo tu itatokea, lakini mwaka 2006 Scott Golder na Bernardo Huberman walionyesha kwamba ku Delicious, ukurasa mmoja ukishawekwa na watu karibu mia, kipimo cha kila neno kinatulia. Wanaokuja baadaye wanaongeza maneno, lakini yale makubwa yanabaki makubwa na madogo yanabaki madogo. Ni sawa na jina la mtaa: hakuna mkutano uliofanyika, lakini mwisho kila mwenye pikipiki anajua unasema wapi.

Kwa mashini, kila tagi ni habari tatu zilizoshikana: mutu fulani, kitu fulani, neno fulani. Hapo njo siri iko. Chukua mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa Goma anaweka picha ya mlima usiku na kuandika « Nyiragongo, volkano, Goma ». Mtalii wa Ubelgiji anaweka ya kwake: « Nyiragongo, volcan, Congo ». Mjerumani anaandika « Nyiragongo, Vulkan, Afrika ». Hakuna kati yao aliyefungua kamusi. Lakini mashini inaona kwamba « volkano », « volcan » na « Vulkan » zote zinakaa jirani na « Nyiragongo ». Picha za Nyamulagira zinaleta ujirani ule ule, na za Etna pia. Baada ya picha elfu, ujirani huo si bahati tena. Mashini inaweza kukisia kwamba maneno matatu yanataja kitu cha namna moja. Mutu akitafuta « volkano », inamletea na zile zenye « volcan ».

Kuko njia tatu ambazo data hiyo inatumiwa. Ya kwanza ni kupanua swali: mutu anaandika neno moja, mashini inaongeza majirani zake mbele ya kutafuta. Ya pili ni kutengeneza kamusi ya lugha mbili ao zaidi kutoka katika tagi zenyewe, na hii inasaidia sana kwa maneno mapya ambayo kamusi iliyochapishwa haina. Ya tatu ni kupanga majibu, kile kilichotagiwa na watu wengi wanaoaminika kipande juu. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Kassel, Ujerumani, ambao walianzisha BibSonomy, walitengeneza mwaka 2006 hesabu inayoitwa FolkRank. Ndani yake mutu, kitu na neno vinapeana uzito, sawa vile sifa inavyopita kutoka kwa mutu hadi rafiki yake.

Majaribio ya kweli

Mwaka 2008 na 2009, kikundi cha wachunguzi wa Uhispania, Uingereza na Uswidi walifanya jaribio ndani ya CLEF, kampeni ya Ulaya ya kupima mashini za kutafuta mu lugha nyingi. Walilifanya kama mchezo, na jina lake lilikuwa Flickling. Mchezaji anaonyeshwa picha moja ya Flickr na anaambiwa: itafute. Haambiwi tagi zake ziko mu lugha gani. Inaweza kuwa Kiingereza, Kihispania, Kijerumani, Kiholanzi, Kifaransa ao Kiitaliano. Anaandika neno lake, chombo kinalitafsiri mu lugha nyingine na kuleta picha.

Kilichovutia ni kwamba mchezaji aliweza kuingilia tafsiri. Akiona chombo kimechagua neno baya, alilibadilisha na kuliweka katika kamusi yake mwenyewe. Na waliopanga mchezo hawakuchanganya watu wote fungu moja: kuko lugha ambayo mutu anaisema, kuko ile anayoielewa tu, kuko ile asiyoijua kabisa. Mutu wa Bunia ataelewa tofauti hiyo mara moja. Anaweza kusema Kiswahili, kusikia Lingala ya muziki na ya askari, kusoma Kifaransa cha makaratasi, na kutoelewa neno hata moja la Tshiluba. Kwa kila mlango anahitaji msaada wa namna nyingine.

Karibu wakati huo huo Riina Vuorikari alikuwa anaangalia walimu wa inchi mbalimbali za Ulaya ambao walitumia ghala moja la masomo. Walimu walitagi kila mmoja mu lugha yake. Aliona kwamba tagi nyingine hazitoki nyumbani, lakini nyingine zinavuka mipaka bila pasipoti: majina ya watu, majina ya pahali, vifupisho, maneno ya sayansi yenye asili moja. Aliziita tagi zinazosafiri vizuri. Kutambua tu ni zipi zinazosafiri kunasaidia, kwa sababu hizo ni daraja: mwalimu asiyejua Kihungari anafika ku somo la Kihungari kupitia neno moja tu analolielewa, kisha anaona mchoro ao hesabu ambayo haihitaji lugha.

Hapa kwetu madaraja hayo ni mengi kuliko watu wanavyofikiri. « Ebola » ni jina la mto wa kaskazini ya inchi, karibu na Yambuku ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1976, na leo neno hilo linaandikwa vile vile mu lugha karibu zote za dunia zinazotumia herufi zetu. « Virunga » vile vile. « Malaria » linasafiri sana, hata kama Mfaransa anaongeza « paludisme » na mama wa kijiji anasema tu « homa ».

Maktaba ya Bunge la Marekani ilijaribu upande wake Januari 2008. Iliweka ku Flickr picha za zamani zaidi ya 3,000 na kuruhusu dunia nzima kuandika. Mpaka Oktoba ya mwaka huo, watumiaji 2,518 walikuwa wamebandika tagi 67,176. Waliogopa matusi, mambo waliyolazimika kufuta hayakufika 25. Mu ripoti yao, tagi za lugha za kigeni ziko na fungu lao. Na mu makumbusho ya sanaa ya Marekani, mradi wa steve.museum ulikuta kwamba zaidi ya tagi nane kati ya kumi zilikuwa maneno ambayo hayamo katika maandishi ya makumbusho yenyewe. Wataalamu walikuwa wameandika jina la mchoraji, mwaka na aina ya rangi. Watu waliandika « farasi », « huzuni », « mwanamke mwenye kofia ». Watu wanatafuta kwa maneno ya namna hii ya pili.

Mahali ambapo Kiswahili kinaisumbua mashini

Neno moja peke yake halisemi lugha yake. « Pain » kwa Mfaransa ni mkate, kwa Mwingereza ni maumivu. « Chat » kwa mmoja ni paka, kwa mwengine ni maongezi. Mu Kiswahili « paka » ni mnyama na pia ni kazi ya mwenye kupaka rangi; « kanga » ni ndege na ni kitambaa. Mu sentensi ndefu mashini inaangalia maneno ya pembeni. Mu tagi hakuna sentensi. Ndiyo maana wachunguzi wanaangalia tagi nyingine za picha ile ile na pia tagi ambazo mutu huyo anatumia kila siku: kama picha zake mia moja ziko na maneno ya Kifaransa, « pain » yake ni ya kula.

Kisha kuko viambishi. Mfaransa anaongeza s mwishoni na mashini imezoea kuikata. Kiswahili kinabadilisha mwanzo: mtoto, watoto. Mashini isiyofundishwa inaona vitu viwili visivyojuana. Kwa Kiswahili cha Kongo hali ni nzito zaidi, juu mutu wa Bukavu ao Lubumbashi anaandika anavyosikia: mutoto, batoto. Inchi na nchi. Ao na au. Mwalimu anaweza kukasirika, lakini mashini inayotaka kusaidia wanainchi inapaswa kuchukua maandishi yao sawa yalivyo. Na alama ya # inapenda maneno yaliyoshikana bila nafasi, kwa hiyo « amanikongo » inakuwa neno moja ambalo hakuna kamusi inayo.

Shida kubwa, hata hivyo, ni wingi. Njia yote ya ujirani inahitaji mafungu makubwa ya tagi. Kiingereza kinayo, Kifaransa kinayo, Kiswahili kinayo kiasi. Mashi, Kinande, Kilega, Kihunde, Kifulero ziko karibu na sifuri, na neno lililoandikwa mara tatu tu halina majirani wa kutosha. Kwa hiyo njia ambayo ingesaidia zaidi lugha ndogo inafanya kazi vizuri zaidi kwa zile kubwa. Wanaoisifu hawalisemi sana jambo hilo.

Hata mashini za kisasa zinazotafsiri na kutambua picha zilikula ku sahani hiyo. Mwaka 2014 Yahoo ilitoa kwa wachunguzi fungu la picha na video milioni 100 za Flickr, pamoja na tagi ambazo wenyewe waliandika. Ordinatere nyingi zilijifunza kuangalia kupitia fungu hilo. Kitu ambacho hakikutagiwa mu lugha fulani, mashini haikukisikia mu lugha hiyo.

Wakati tagi ni maisha

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la inchi lilibomoa Port-au-Prince, Haiti. Siku chache baadaye watu walipewa namba fupi ya bure, 4636, ya kutuma ujumbe wa telefone. Walituma. Walisema nani yuko chini ya ukuta, wapi maji yamekwisha, mtaa gani hauna muganga. Waliandika mu Krioli ya Haiti. Vikosi vingi vya uokozi vilifanya kazi mu Kiingereza na havikuelewa.

Ujumbe 80,000 ulipita njia hiyo. Wajitolea, wengi wao Wahaiti waliokaa ng'ambo, waliusoma ku intaneti, wakautafsiri, wakaubandikia fungu (maji, majeruhi, chakula) na mahali ku ramani. Krioli ilipitia tagi ikawa Kiingereza chenye anwani. Robert Munro, ambaye alisimamia kazi hiyo, aliandika baadaye kwamba wingi, mbio na usahihi mkubwa zaidi ulitoka kwa Wahaiti wenyewe na wale waliokuwa karibu nao, na kwamba hakuna teknolojia mpya iliyokuwa na mchango mkubwa. Mutu wa nje akisoma « karibu na kanisa, nyuma ya soko » haoni kitu. Mutu aliyekulia pale anaona nyumba.

Ramani moja kati ya zile zilizotumiwa wakati huo ilijengwa juu ya Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008 wakati wa fujo za uchaguzi, na jina lake la Kiswahili halikubadilishwa lilipozunguka dunia. Mwishoni mwa 2008 ilijaribiwa pia kwa vita ya mashariki ya Kongo.

Halafu ikaja Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu wa Kongo walipita nyumba kwa nyumba wakiandika kile ambacho watu wanauliza na kusema. Maneno yaliyokusanywa yalifika mamia ya maelfu. Yalitoka mu Kiswahili, Kinande na lugha nyingine, yakaandikwa mu Kifaransa, kisha yakapewa alama: uvumi, swali, shukrani, lawama. Upande mwengine Translators without Borders walikuta kwamba vipeperushi vya Kifaransa na vya Kiswahili cha Afrika Mashariki havikueleweka sawasawa. Watu walitaka Kiswahili cha hapa na Kinande.

Hapo tofauti kati ya alama ya mtaalamu na tagi ya mwanainchi inaonekana wazi. Wengi walisema « Ebola ni biashara ». Mwenye orodha ya alama anaweza kuliweka neno hilo ku fungu la uvumi na kuendelea. Lakini ndani ya « biashara » muko mambo mengi: hasira juu ya magari mapya ya riposte, malipo ya kazi, maswali juu ya nani alichukuliwa ku kazi na nani aliachwa, na kuuliza kwa nini hakuna aliyekuja wakati watu waliuawa kwa mapanga. Mwenyewe angebandika « kazi », « feza », « usalama ». Anayetafuta ku « uvumi » peke yake hatakuta malalamiko hayo, hata kama yako pale mbele yake.

Upande wa hatari

Tagi inasema pia kile ambacho hakikupaswa kusemwa. Picha ya mama aliyebakwa, bila jina lake, lakini na tagi ya kijiji, ya tarehe na ya kanisa, imeshamtaja. Mu maeneo ya vita tagi ya mahali inaweza kuonyesha njia kwa wenye silaha. Na kuko wale wanaobandika kwa makusudi: picha ya zamani ya inchi nyingine inatiwa jina la kijiji cha hapa, na kwa saa moja imezunguka vikundi vyote vya WhatsApp. Mashini inayoamini wingi itaipandisha juu. Ndiyo maana FolkRank na wenzake wanaangalia nani ametagi, si mara ngapi tu, na ndiyo maana redio inaweza kuacha wasikilizaji wapendekeze maneno lakini mutu wa redio ayapitie mbele hayajaonekana.

Namba chini ya majina

Njia mpya zaidi inachanganya mambo mawili, uhuru wa tagi na utaratibu wa maktaba. Wikidata, iliyofunguliwa Oktoba 2012, inapatia kila kitu namba, na chini ya namba watu wanaweka majina mu lugha yoyote. Malaria ni Q12156. Kongo yetu ni Q974. Mutu akitagi picha kwa namba hiyo, hata kama aliandika « paludisme », mwenye kutafuta mu Kiswahili anaipata. Tangu 2019 picha za Wikimedia Commons zinaweza kutagiwa hivyo. Ramani ya OpenStreetMap inafanya jambo la karibu: shule ni shule kwa tagi moja ya mashini, kisha jina lake linaweza kuandikwa mara nyingi, « name:fr » kwa Kifaransa, « name:sw » kwa Kiswahili. Hapo lugha ndogo haihitaji maelfu ya tagi. Inahitaji mutu mmoja anayeijua, mara moja, ku namba sahihi.

Kwa redio ya jamii hilo ni jambo kubwa, kwa sababu sauti haitafutiki. Emisyo ya nusu saa juu ya viwavijeshi, mdudu wa mahindi aliyetoka Amerika na kuonekana Afrika mwaka 2016, ikiitwa tu « magazine_agricole_07 » imezikwa. Ikipewa « kiwavijeshi », « viwavijeshi », « mahindi », « chenille légionnaire d'automne », jina lake la sayansi « Spodoptera frugiperda » na jina la pahali, inafikiwa na mkulima, na agronome, na mwanafunzi wa Uganda. Linalobaki ni jina ambalo mkulima wa Walungu ao wa Lubero anamwita mdudu huyo mu lugha yake. Hilo halimo mu kitabu, mara nyingi halimo hata ku Wikidata. Liko mu telefone ya studio, kati ya ujumbe wa sauti ambao wasikilizaji walituma wakati emisyo ilikuwa inaendelea, na mutu anaweza kuusikiliza upya, kuandika maneno matatu, na kuyabandika.